Fundi Anayeiogopa Nati Inayoingia Kirahisi

Saa mbili na robo asubuhi, na fundi wa mipira ya presha anaifungua nati ileile kwa mara ya nne. Anaichungulia, anaifuta, anaguna. Nyuma yake mdogo wake, aliyebandikwa jina la Rubani kwa jinsi anavyoendesha, anagongagonga bodi la pikapu kwa ufunguo.

"Dada, inaingia au haiingii?"

"Inaingia. Ndiyo inayonitia wasiwasi."

Pikapu yenyewe ni ndogo, lakini Rubani ameipandikiza injini ya gari kubwa, pamoja na pampu yake ya stelingi. Stelingi imebaki ile ya zamani. Sasa pampu na stelingi, hawa wa koo mbili, lazima waozeshwe kwa mpira mmoja, na saa tano gari linateremka mlima na mama yao, anayekwenda kutolewa mtoto wa jicho. Kona za mlima huo, wanaapa madereva, ni kali hivi kwamba ukikata moja unaisoma namba yako ya nyuma.

Mama amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

Bintiye huyu ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Siku njema hufunga mipira sita. Siku mbaya hufunga duka mapema. Rubani amemletea fitingi za buluu zinazong'aa, za kuunganishia ncha za mpira, na mpira laini. Mpira ameshautupa pembeni.

"Ule ni wa kurudisha mafuta kwenye kopo," anasema. "Upande unaotoka kwenye pampu, presha inafika mara arobaini ya upepo wa tairi. Ungevimba kama chura, upasuke, na stelingi iwe nzito katikati ya kona."

Zimebaki fitingi. Nyuzi za nati na za fitingi zinakubaliana, nati inakazika hadi mwisho. Hata hivyo anatoa rangi ya mdomo mfukoni, anaipaka kwenye ncha ya fitingi.

Rubani anacheka. "Unairemba kwa harusi ya nani?"

"Nyamaza. Naangalia inavyobusu."

Anakaza, anafungua. Badala ya pete pana ya rangi, upande wa pili umeachwa na mstari mwembamba kama unywele. Ncha moja imechongoka kuliko shimo lake. Zimegusana ukingoni tu. Uso unamsawajika.

"Miaka minane iliyopita niliiamini nati iliyoingia vizuri," anasema polepole. "Mafuta yakamwagikia ekzosi, yakawaka. Mteja aliondoka akipiga honi, akarudi kwa miguu, hana nyusi."

"Dada, saa inakwenda! Funga, tutaangalia njiani."

"Njiani wapi? Konani?"

Hapo mama anafungua kinywa. "Wewe Rubani, nilikungoja tumboni siku kumi na mbili zaidi ya tarehe yako. Kaa chini."

Rubani anakaa.

Fundi anachakura makopo matatu hadi anapata fitingi nyingine. Anapaka rangi tena: safari hii pete imekamilika. Anakata mpira wenye nyuzi za chuma, anaubana kwa mashine, anaufunga garini. Injini inawashwa, Rubani anakata usukani hadi mwisho, kushoto, kulia, mara ishirini. Dada anapitisha kadibodi chini ya nati. Mkono hathubutu, maana mafuta ya presha hutoboa ngozi kama sindano. Kadibodi ni kavu. Anamwambia arudie.

Rubani na mama wanaondoka. Kazi inayofuata ni mpira wa trekta. Fundi anaukata, unapungua shubiri nzima. Chai yake inaota utando. Anaitazama simu kana kwamba nayo inavuja.

Saa saba kasoro robo, simu inalia.

"Tumefika, mwanangu," anasema mama.

"Mwambie alale chini ya gari aangalie."

Fundi amefumba macho.

"Anasema pakavu. Kilichochafuka ni shati lake."

Ndipo fundi anapokaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwakani, anasema, lazima apate mashine ya kupimia mipira kabla haijatoka mezani.

"Nimechoka kuipima kwa roho yangu."