Mama Mkwe Alikataa Kushuka kwa Gari

Mama mkwe wangu alikaa ndani ya gari akingoja nirudishe kitu ambacho sikuiba.

Nisikilizeni, maana hasira yangu bado haijapoa.

Mimi ni Mwikwabe, fundi wa umeme wa magari, Migori mjini. Nilitengeneza honi ya gari la mama mkwe. Baada ya muda, cruise control, kile kifaa cha gari kushika spidi moja lenyewe bila kukanyaga mafuta, ikagoma.

Shemeji yangu Cliff, ambaye ndiye humwendesha mamake, akatangaza kwao, Rodi Kopany nzima: "Mwikwabe ametoa kifaa orijino akauza!"

Mke wangu Jerusha akaitwa kwao. Asirudi mpaka kifaa kirudi.

Mke! Kwa sababu ya gari!

Nikabeba mita yangu ya kupimia umeme, huyo, ukweni. Namkuta mama mkwe kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani. Hashuki.

Sasa, hitilafu kama hii unaanza na swichi ya breki, chini ya usukani. Unalala chali, kichwa kwenye pedali, miguu inaning'inia nje. Mbele ya mama mkwe? Hata kumpa mkono ni mwiko!

"Orwa, si uingie ukague?" Cliff akacheka, akiniita shemeji kwa Kijaluo. Alijua siwezi.

Nilitamani kumzaba kofi. Nikazunguka nyuma.

"Cliff, kanyaga breki!"

Taa zikapepesa mbio mbio kama za msafara wa mheshimiwa.

"Cliff, hizi balbu uliweka lini?"

"Ai yawa, hizo ni za kitambo. Achana nazo."

Nikazifungua. LED za mapambo. Gari lile, kabla ya kushika spidi, hupitisha umeme kidogo kwenye balbu za breki kuhakikisha waya hazijakatika. Kwa LED zile umeme huo haupiti, linaona kama waya zimekatika. Linakataa.

Nikaweka balbu za kawaida. "Nenda ujaribu."

Wakaondoka, mama mkwe akiwa bado amekaa palepale. Mimi na Jerusha tukangoja langoni.

Waliporudi, mama mkwe aliangalia upande mwingine, kama desturi inavyotaka.

"Imeshika spidi mpaka karibu Homa Bay. Cliff, hizo taa si uliweka siku ile ile ulisema gari imeharibika?"

Cliff akainamisha kichwa.

"Mama, ungejua ni mimi ungeninyang'anya gari. Nikasema ni orwa kwa sababu hawezi kukujibu."

Sikilizeni hayo maneno tena. Kwa sababu hawezi kukujibu! Hakuniona fundi mbaya wala mwizi. Aliona mdomo uliofungwa na heshima.

Mama mkwe akashuka, bado ananipa mgongo.

"Jerusha, chukua nguo zako uende kwako."

Pole hakusema. Na mimi, kwa desturi hiyo hiyo, siwezi kumdai.

Ndugu zangu, mtu akimshtaki asiyeruhusiwa kujibu, mpime kwanza huyo anayeshtaki.