Kabla ya Leseni Kufika

Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi wa magonjwa ya akili, nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa, upande wa Sikonge. Tabibu aliyeisimamia aliniambia siku ya kwanza, "Mpaka usajiliwe na leseni yako ije, hutibu mtu hapa."

Nikangoja miezi mingi. Nilifagia, nikachemsha sindano, nikala peke yangu. Wanakijiji walinikwepa, wakidhani nimetumwa kukusanya vichaa.

Asubuhi moja, tabibu akiwa amekwenda Tabora kufuata dawa, mama mmoja alimleta binti yake. Walipohamishiwa kijijini, binti aliacha nyuma kaburi la mwanawe, na tangu hapo hakuwa amesema neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Utamsaidia mwanangu?"

"Sina ruhusa ya kutibu, mama. Kukaa naye sijakatazwa."

Tukakaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Sikumwuliza kitu. Mwishowe yeye ndiye aliyeniuliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Na wewe, dada, kwenu wapi?"

Machozi yakanitoka. Tangu nifike, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Tabibu aliporudi nilimweleza yote. Alikasirika, akaandika barua mkoani kwamba nimevunja utaratibu. Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa: leseni yangu, pamoja na uhamisho wa kwenda mjini. Niliondoka kesho yake alfajiri, na yule binti sikumwona tena.