Paa la Tanuri la Shigeno

"Mke wa Tatsukichi, huo moshi wako ni wa mti wa lini?"

Kinuyo, jirani wa bondeni, aliuliza hivyo akiwa amesimama njiani na tita la nyasi mgongoni, pua juu. Shigeno alikuwa anaziba nyufa za tanuri lake la mkaa kwa tope. Angeweza kudanganya, lakini moshi wa mwaloni mbichi ni mzito, unawasha koo, na kule mlimani hata mtoto anaujua. Msitu wa kijiji ulikuwa haujafunguliwa. Mzee Iwazo, mkuu wao, alikuwa hajagonga ubao wa kuufungua, na kabla ya ubao hakuna anayeinua shoka.

"Wa juzi," akasema. "Dada, Tatsukichi anakohoa damu. Ndani hamna hata shayiri. Nimekata minne tu."

"Minne tu," Kinuyo akarudia, akashuka zake.

Tangu siku ile hakuna aliyemsemesha kwa miezi kumi. Walimtenga kama desturi yao ilivyo: hakuna salamu, hakuna kuazimana moto, hakuna mkono shambani. Yalibaki mawili tu ambayo hata aliyetengwa hanyimwi: kuzimiwa nyumba ikiungua, na kuzikiwa maiti. Akienda kuteka maji, wanawake walinyamaza mpaka aondoke, kisha wakasuuza kata aliyoishika. Watu wenyewe ni wapole, wanaosali kila asubuhi. Mungu atusamehe sote.

Mvua za vuli zikaangusha paa la tanuri, na mkaa ndio uliokuwa ukiwalisha. Paa hilo ni la udongo mbichi, linalazwa juu ya magogo yaliyosimamishwa, na ni lazima watu wanane au kumi walizunguke na kulipiga kwa nyundo za mti, wote kwa pamoja, mpaka likaze. Mtu mmoja akipiga huku, kule kunapasuka. Shigeno alijaribu mara tatu. Mara ya tatu lilimporomokea mguuni, akapiga yowe. Tatsukichi akajikokota hadi mlangoni.

"Wanakuja mtu akifa," akasema. "Basi acha nife upesi, upate wapigaji."

"Baba, usinitanie hivyo."

"Nani anatania? Kanda udongo, mke wangu."

Akaacha kula. Shigeno alimsihi, akalia, akamwekea uji mdomoni. Uji ukamwagika shingoni. Mwisho, Mungu anajua kwa moyo gani, akaenda kuukanda udongo.

Tatsukichi alifariki siku theluji ilipoanza. Wakaja wote, kama walivyopaswa. Wanaume wakachimba kaburi, wanawake wakapika wali na figili jikoni kwake, wakiulizana wao kwa wao chumvi iko wapi, naye Shigeno amesimama palepale.

"Jamani, mwepesi huyu!" akasema mmoja wa wabebaji.

"Si mkaa huo," mwenzake akajibu. "Ukishaiva hauna uzito." Wakacheka, wakatoa shingo mbele kunusa pombe ya mchele.

Walipokwisha kula, wakanawa mikono kwa chumvi kuondoa unajisi wa kifo, na kuvaa viatu vyao vya majani. Shigeno akawatangulia njiani, pale tanuri lilipo. Magogo yalikuwa yamesimamishwa, udongo umelazwa juu, nyundo kumi zimepangwa ukutani. Akapiga magoti, paji la uso kwenye theluji.

Mzee Iwazo akasimama. "Kuna lililobaki la maiti?"

"La maiti hakuna, mzee."

"Basi tumemaliza." Akampita. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakikanyaga pembeni wasiuguse mkono wake. Kinuyo alikuwa wa mwisho, na Shigeno akamshika upindo wa kimono.

"Dada Kinuyo, waite warudi. Udongo unaanza kuganda. Nipigieni paa tu, halafu msiniongeleshe tena mpaka nife."