Ganda la Risasi Lililotupwa Ziwani

Mume wangu ni polisi, na bunduki ya polisi inalala depo, ghala la silaha. Sheria hiyo naijua mimi muuza ndakala, dagaa wa ziwani, wa soko la Kalemie. Yeye aliyekula kiapo ndiye aliyeisahau. Akitoka zamu barabara ya Bendera anakuta depo imefungwa, basi anakuja nayo nyumbani, anaiegemeza karibu na mtungi wa maji. Asubuhi ile nilikuwa nimechoka kunyamaza.

"Papa, rudisha hii chuma! Siku moja utaniua!"

Nilimpigia kelele mpaka majirani wakaacha kutwanga. Yeye akaketi kwenye kigoda, akatoa magazini ya risasi, akaanza kuisafisha bunduki kwa kitambaa. Kumbe risasi moja ilikuwa imebaki ndani.

Mlio ulijaa nyumba nzima. Niliona damu kwenye kandambili kabla sijasikia maumivu. Risasi ilikuwa imenichana nyama ya mguu, juu kidogo ya kifundo, ikapita ikaingia ukutani. Akaitupa bunduki chini, akanishika, akawa anaita, "Mungu wangu, mama, Mungu wangu." Nikamwambia aache kumwita Mungu, alete kitambaa.

Wenzake walimchukua nikiwa bado hospitali. Kwetu polisi akikosa anahukumiwa na mahakama ya askari, na wao walishaandika shitaka: kutaka kuua mke. Mashahidi ni majirani zangu wenyewe. Walinisikia nikisema utaniua, kisha wakasikia mlio. Hawakusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwa ukweli wao, baba wa watoto wangu angezeekea gerezani.

Daktari alisema mguu upumzike. Upumzike wapi? Nilikuwa nalala kwa dada yangu, karibu na hospitali, na kila kukicha nachechemea hadi ofisi ya mwendesha mashtaka, narudi, naenda tena. Nikiketi tu namwona mume wangu na mvi nyuma ya vyuma. Sokoni wenzangu wananitania, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Mawe, mama yangu! Asiyesikia ni yeye, guu ni langu.

Mwendesha mashtaka alikuwa kapteni, mpole wa sauti, mgumu wa moyo. Nilimweleza kwamba ilikuwa ajali. "Wanawake wote wanasema vile, mama," aliniambia. "Huyu njo bwana yako, utasema nini tena?"

"Basi kuja uone ukuta!"

Nilimsumbua mpaka akaja. Tukaingia, nikatazama ukuta, nikakosa pa kushika. Mama mkwe wangu, aliyebaki nyumbani na watoto, alikuwa ameukandika wote kwa udongo na majivu, tena vizuri, hakuna hata alama.

"Shimo ya risasi haiachwi wazi, mwanangu," akasema bila wasiwasi. "Itaita ingine. Na ile ganda yake niliitupa ku ziwa, iende mbali na watoto."

Huyo mama amezika watu wengi wakati wa vita, na hiyo ndiyo dawa anayoijua. Kapteni akageuka kuondoka. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga mtu. Nikachukua kisu cha mihogo, nikapiga magoti na bandeji yangu, nikaanza kuchimba. Mama mkwe anapiga yowe kwamba naita kifo, mimi nachimba. Chini kabisa, karibu na sakafu, udongo ukabadilika rangi, kisu kikagonga risasi.

Kapteni akauliza mume wangu alikuwa ameketi wapi. Nikamwonyesha kigoda. Akaketi pale, bado na kofia yake kichwani, akanyoosha mkono kuelekea shimo, ukaelekea chini sakafuni.

"Muntu anayetaka kuua hapigi chini vile," akasema.

Mbele ya mahakama nilisema nimemsamehe, na shitaka la kutaka kuua likafutwa. Nilishaanza kumshukuru Yesu kwa sauti, jaji akaniambia niketi, hajamaliza. Bunduki, akasema, ilikuwa nje ya depo bila ruhusa. Risasi ya vita imetumika bila amri, na ganda la kuhesabiwa halikurudishwa. Nani ajuaye kama hakuna zingine zilizouzwa? Mwaka mmoja jela.

Nikainuka tena. "Na muguu wangu?"

"Mguu ni wako, mama, na umesema umesamehe," akajibu. "Risasi ni ya Leta."

Leta, ndiyo serikali. Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikamshika mkono tukatoka.

Sasa nampelekea mume wangu chakula, ugali tunaouita bukari, maana huko anayekula ni mwenye watu wake. Mara ya kwanza nilikuwa nimepanga matusi njia nzima. Akaja kwenye vyuma, amekonda, hakutazama sahani. Alitazama chini, mguuni kwangu.

"Bado unauma?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza, si kapteni, si jaji.

"Kula," nikamwambia. "Bukari inapoa."