Siku Mama Alipoinua Macho

Tangazo lilitolewa kanisani Njombe baada ya ibada: mwalimu wa shule ya vipofu angepita Makambako kuandikisha watoto. Watu wote wakageuka kumtazama mdogo wangu, kana kwamba ana kesi ya kujibu. Baba akakubali papo hapo. Mama akamvuta mtoto karibu yake, nami niliyemjua nikajua amekataa.

Tulipanda lori la magome ya miti ya miwati kwenda Makambako, mama, mdogo wangu na mimi. Njia nzima mama alimshika mtoto mkono huku akinirudia hoja zake mpaka zikanichosha: huko nani atamlisha, nani atampeleka chooni, nani atamwambia moto uko wapi? Kweli, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wa mama ulipita kiasi. Mtoto yule hakuwahi hata kujifunga kifungo cha shati.

Mwalimu alikuwa ameketi nyuma ya meza katika darasa tupu. Tukapiga magoti. "Kamwene, mwalimu," mama akamsalimu. Macho tuliyaweka sakafuni, maana kwetu mwanamke hamkodolei macho mwanamume mgeni. Kwa Kiswahili chake cha sokoni, mama akamwaga hoja zote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kusoma taratibu za shule: watoto hutandika vitanda wenyewe, hufua, hulima bustani.

"Hulima?" mama akaiuliza sakafu.

Mdogo wangu akadakia, "Mwalimu, mbona karatasi yako inakwaruza?"

Nikamfinya.

"Nasoma kwa vidole, mwanangu. Njoo uguse."

Ndipo mama alipoinua macho, nami nikainua yangu. Karatasi haikuwa na tone la wino. Vidole vya mwalimu vilikuwa vikitembea juu yake, na macho yake yalikuwa meupe kama ya mdogo wangu. Mimi niliyejiona msomi pale nyumbani sikuwa nimewahi kusoma kwa ufasaha ule.

Mdogo wangu alitaka kwenda, lakini mama alikuwa bado amemshika.

"Nani amekufunga tai?" mama akamuuliza mwalimu.

"Nimejifunga mwenyewe, mama."

"Na mama yako, alikubalije kukuacha?"

"Hakukubali. Aliniacha tu, akarudi analia."

Mama akamtazama mwalimu usoni bila haya yoyote, mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha akauachia ule mkono.

Mdogo wangu alipapasa mpaka akaifikia meza, peke yake.