Mama Mkwe Alipoanika Makaa ya Mume Wangu

Na bado mnaniuliza kwa nini niliolewa na mwanaume anayefuga wadudu!

Ile bustani ya mimea midogo ndani ya chupa aliyonipa siku ya harusi imeshikwa na ukungu.
Kiprono wangu amekuwa akilea wadudu wadogo weupe wanaokula ukungu. Wanaishi kwa mkebe wa makaa yaliyolowa, na anawalisha mchele.

Leo mama yake, aliyetutembelea kutoka Ndanai, aliona makaa yamelowa.
Akayaanika juani apikie chai!

Nililia. Nilijua bustani yangu imeenda.

Kiprono akafika kabla hayajakauka. Hakumkaripia mtu. Akatumbukiza makaa kwa beseni la maji, polepole, kama anayeosha mtoto.

Jamani! Wadudu wakaelea juu kama unga, wakirukaruka!

"Kumbe ni mifugo?" Mama akashangaa. "Na mimi nilitaka kuwachoma!"

Kiprono akawamimina kwa chupa yangu, akanipangusa machozi. Mbele ya mama yake!

Mama akatuangalia. "Kiprono, mimi niliyekuzaa, chupa yangu iko wapi?"

Tulia, Mama. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuletea yako Ndanai, sisi wawili.