Grinda ya Meza Katika Banda la Kuku

Mama aliwahamisha kuku wake kwa ajili yangu. Banda lilikuwa la matofali ya kuchoma, bati tatu juu, nyuma ya nyumba yetu hapa Kalangalala, na kuku walikaa humo tangu nikiwa darasa la tatu. Nilipomwambia nataka kuweka mashine ya kusaga, aliuliza, "Kusaga nini? Mahindi?"

"Chuma, mama. Kinasagwa mpaka kinanyooka kama maji yaliyotulia kwenye beseni."

Akaanza kubeba vifaranga.

Tuliokuwa tukiijua mashine hiyo tuliiita grinda ya meza. Ina kimo cha kifuani. Chini kuna meza ya chuma inayokwenda na kurudi unapozungusha usukani wa mkono, na juu yake kuna jiwe la duara linalozungushwa na mota. Unalaza kazi yako mezani, sumaku inaishika, jiwe linailamba kidogo kidogo. Niliiona mara ya kwanza kwenye karakana nilikokwenda baada ya matokeo ya kidato cha nne kunionyesha mlango wa kutokea. Kazi yangu pale ilikuwa kufagia. Lakini nilikuwa nafagia huku naangalia, na nikajiapia kwamba siku moja nitakuwa na ya kwangu.

Ya kwangu niliikuta Kahama, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, imelala kwa ubavu chini ya mabati. Kutu ilikuwa imeivaa kama koti. Kaka yangu ndiye aliyeninunulia. Yeye ni mchimbaji mdogo, ana duara lake, yaani shimo la dhahabu, na wenzake wawili, na mwezi ule lile shimo lilikuwa limewatendea wema. Tulipoishusha nyumbani alifuta jasho akasema, "Sikia, mdogo wangu. Nakupa mpaka mpunga uvunwe. Ukiisha kuvunwa na hili dude halijafanya kazi ya mtu yeyote, tunaliuza kwa kilo, na wewe unashuka na mimi duarani. Nyumba hii haiwezi kulishwa na mkono mmoja."

Hakuwa anasema kwa ubaya. Alijua fika kwamba niliwahi kushuka mara moja tu, nikafika katikati ya ngazi, kifua kikanibana, wakanipandisha nikilia. Hajawahi kumsimulia mtu. Lakini alichoka, nami nilikuwa naona jinsi alivyochoka.

Basi nikaanza. Niliifungua yote, nati kwa nati, nikaloweka vipande kwenye mafuta ya taa. Mota yake ya zamani ilikuwa imeungua, na hata ingekuwa nzima ilitaka umeme wa fezi tatu ambao sisi hatuna. Nikatafuta mota ya mashine ya kusagia karanga, nikaitengenezea kiti. Beringi nikabadilisha. Halafu nikazikabili reli ambazo meza inatelezea juu yake. Nikazipiga msasa siku nne mfululizo mpaka ukiinama unajiona meno.

Nikamwita kaka aje aone. Akapitisha kidole. "Zinang'aa."

"Umeona?"

"Hata duarani kuna vitu vinang'aa. Ukivipeleka kwa mnunuzi anakucheka mpaka anakaa chini."

Nilikasirika, lakini maneno yake yalinisumbua. Nikaenda kwa mafundi wanaojengea makaburi, nikaomba kipande cha granaiti kilichonyooka. Nikakipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kula, nikakiburuza juu ya reli. Pale palipoinuka pakashika weusi, palipobonyea pakabaki peupe. Mungu wangu! Ncha mbili zilikuwa nyeusi, katikati peupe kama uwanja wa mpira. Msasa wangu ulikuwa umezidisha bonde lililokuwepo.

Nikanoa ncha ya tupa kuukuu ikawa kikwanguo. Kazi ikawa hivi: paka masizi, buruza, angalia, kwangua palipo peusi, futa, rudia. Chuma kinachotoka ni kidogo kuliko unga unaobaki kwenye chekeche. Nje mpunga ulikuwa unabadilika, kutoka kijani kwenda manjano, nami nakwangua. Mama alikuwa anapita mlangoni na kusema, "Ng'wanawane, mwanangu, hilo chuma litaisha." Wiki ya saba weusi ukasambaa reli nzima kama upele wa surua. Reli zimenyooka! Nikacheza peke yangu mle bandani, kikwanguo mkononi.

Likabaki jiwe. Mashine ilikuja na jiwe lake, kwa macho yangu zima kabisa. Nikalifunga, nikaunganisha umeme, nikasimama mbele yake nikiwa tayari kubonyeza swichi. Mama akaingia, ametoka mnadani kununua chungu.

"Ndilo hili linalozunguka?"

"Ndilo."

Akaligonga kwa kifundo cha kidole, kama wanavyogonga vyungu pale mnadani kabla ya kulipa. Akagonga tena. Kisha akagonga chungu chake kipya. Kikalia ngiii, sauti ikakaa hewani. Akarudi kwenye jiwe. Kwap. Kwap.

"Hili lina ufa."

"Mama, hilo si chungu."

"Limechomwa kwenye tanuru au halikuchomwa?"

Nikalifungua kwa hasira ili nimwonyeshe, nikalipiga chini kwa upole tu. Likaachana vipande viwili, na ndani kwenye mpasuko mlikuwa na doa la kutu iliyopenya zamani. Lingezunguka kwa kasi ile, nami nimesimama palepale, leo nisingekuwa na kifua cha kusimulia. Mama aliokota chungu chake akasema tu, "Nawahi kukiivisha kwa uji kisivuje," akaondoka. Nikamwambia "Wabeja, mama, asante" akiwa tayari ameshafika jikoni.

Nilikwenda Mwanza kununua jingine. Nikawa nalining'iniza jiwe kwenye kidole na kuligonga kwa mpini wa bisibisi. La kwanza, hapana. La pili, hapana. Muuzaji akaudhika: "Kijana, unanunua jiwe au kengele ya kanisa?" La tatu likalia. Nikalipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Nusu ya mashamba yalikuwa yameshavunwa kaka alipokuja na pikipiki, amefunga silinda hedi nyuma. Ilikuwa ya injini inayovuta maji duarani kwao. Waliiendesha ikachemka, hedi ikapinda. Gasketi wakifunga leo, kesho imepasuka, na maji yamejaa shimoni.

"Fundi," akasema, na lile neno akalivuta kwa dhihaka, "mteja amefika."

Nikaifunga mezani, nikaizuia kwa vyuma pande zote. Jiwe lilipogusa mara ya kwanza lilirusha cheche kwenye kona moja tu. Kona hiyo ikawa nyeupe. Nikashusha kidogo, doa likakua. Kaka hakukaa. Alisimama asubuhi nzima, mikono nyuma, akiangalia weupe ukitambaa mpaka ukafunika uso wote. Kisha nikalaza rula ya chuma juu, chini yake nikaweka vipande vinne vya karatasi ya sigara, nikaikandamiza, nikamwambia avute. Kimoja kikakatika. Cha pili kikakatika. Vyote vinne vilishikwa, hakuna hata kimoja kilichoteleza: uso umenyooka.

"Tena, weka huku," akasema. Nikaweka. Vikakatika.

Alasiri ileile tulikuwa duarani. Walifunga hedi, wakazungusha hendeli, injini ikakohoa mara mbili kisha ikashika. Mpira ukatapika tope jekundu, halafu maji, na hayakusimama. Saa nzima ikapita, gasketi haijapasuka. Mmoja wa wenzake, mtu wa maneno mengi, akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Ndiye mdogo wako? Tulisikia anaanza kushuka mpunga ukiisha."

Kaka alikuwa anaosha mikono kwenye yale maji. Hakuinua kichwa.

"Huyu? Hashuki. Ana kazi yake."

Nikainama kuikagua injini, ambayo haikuhitaji kukaguliwa na mtu yeyote, nikakaa hivyo mpaka nilipoweza kuinuka bila kucheka wala kulia.